Mabakuli Kumi na Mawili ya Simenti

Mjumbe wa wakwe alitoka Nyangwe kuja kutazama nyumba ambayo kijana wao alitaka kuoa. Aliingia kwa mguu wa kulia, kama inavyotakiwa, na mguu huo wa kulia ukazama kwenye shimo la sakafu mpaka kifundo. Chai ikamwagikia kanzu. Mzee hakukasirika, angekasirika ingekuwa nafuu. Aliuvuta mguu wake kama mtu anayeng'oa muhogo, akautazama, akacheka.

"Kumbe hapa Kasongo mutu anapima kina kwanza, kisha njo anakaa!"

Wote walicheka. Faida, mama wa binti, alicheka kuliko wote, akaonyesha hata meno ya nyuma yaliyooza, na huku akicheka alikuwa anahesabu siku. Wakwe watarudi Ijumaa ya pili, watu wanane, na katika hao wanane kuna wanawake watatu. Mwanamume akiona shimo analisahau. Mwanamke analibeba mpaka kwao, analianika, na kila jirani anakuja kulitazama.

Latifa, mwenye kuposwa, alikuwa nyuma ya pazia. Usiku ule hakula.

Sakafu ilikuwa ya udongo, na udongo ule ulikuwa umechoka. Lakini katika nyumba hiyohiyo, chumbani, juu ya mbao mbili, mahali pekee ambapo bati lilikuwa halivuji, yalilala magunia manne ya karatasi nzito. Dady wa pikipiki aliyaleta kutoka upande wa Kabambare, moja moja, yamefunikwa plastiki kama watoto wachanga. Yalikuwa ya pampu. Fundi Yakubu, mume wa Faida, alikuwa anaijengea komite ya maji pampu ya kupandisha maji kutoka kijito mpaka tangi la mtaa, na magunia aliyataka karibu na kichwa chake.

"Baba Latifa, hii magunia inalala pazuri kuliko miye," Faida alimwambia.

"Yenyewe iko na kazi. Weye uko na kazi gani kitandani?"

"Ungeniuliza zamani, ungepata jibu."

Yakubu alicheka, lakini magunia hayakusogea.

"Unipe kidogo tu nipake sebule."

"Simenti ya kupaka nitakununulia nikilipwa. Hii usiguse. Ni ya mashine."

Basi. Alisema hivyo tu, na kwa mtu kama yeye ilikuwa inatosha. Yakubu alikuwa fundi wa maneno machache. Maneno yake mengi aliyaandika kwenye devi, ile orodha ya vifaa na bei, aliyoipeleka komite, kurasa tatu kwa mkono, namba za ruleman, aina ya grese na kipimo chake, na simenti ya kumwaga chini ya kitako cha pampu, magunia manne, bila kuchanganywa na kitu chochote isipokuwa maji. Alikuwa amewasomea wanaume wa komite kurasa zote tatu. Mke wake hakumsomea hata moja. Nani anamsomea mke wake devi?

*

Siku mbili baadaye Yakubu alipanda pikipiki ya Dady kwenda Kabambare kuchukua ruleman, zile pete za chuma zenye gololi ndani ambazo mhimili wa pampu unazungukia. Alisema hatamwachia mtu mwingine azichukue, kwa sababu siku hizi ruleman za uongo zinang'aa kuliko za kweli, na yeye anataka kuzizungusha kwa kidole mwenyewe, azisikie. Barabara ilikuwa mbaya. Alikaa siku tano.

Katika siku hizo tano, Hemedi, mdogo wake Faida, mwashi, alipata nafasi ya siku moja tu kati ya kazi zake. Na zamu ya Faida ya likelemba, ule mchango wa wanawake wa soko, ilikuwa bado siku mbili. Mwashi yuko leo, mafranga yako kesho kutwa, wakwe wako Ijumaa. Faida alikaa kitandani akiyatazama magunia, na magunia, kwa maoni yake, yalikuwa yanamtazama pia.

Asubuhi hiyohiyo jirani yake alibisha hodi mlango wa nyuma. Alikuwa Kahindo, mke wa Aganze, mfanyabiashara aliyeiuzia komite magunia yale, aliyetoka Bukavu miaka saba iliyopita na ambaye mtaa bado ulikuwa unamwita mgeni.

"Yaya Faida, dada yangu, unisaidie chumvi bakuli moja. Mboga iko jikoni, mutoto ameniangusha chumvi yote mu maji."

Faida alimjazia bakuli. Mtaa wote uliishi hivyo. Chumvi, makaa, mawese, unga: ulichopewa kwa bakuli unakirudisha kwa bakuli lilelile, na hakuna mwenye wazimu wa kuuliza kama ni punje zilezile. Kahindo akaenda zake na chumvi, na Faida akabaki na wazo.

Alifumua uzi wa magunia polepole, kama mtu anayefumua misuko ya mtoto aliyelala. Kila gunia alilichota mabakuli matatu, ili lisionekane moja limekonda. Kumi na mawili. Hemedi alichanganya na mchanga, akashangaa.

"Dada, hii simenti inatiririka kama uji. Na inakauka mbio! Umeitoa wapi?"

"Paka, mwanangu. Maswali yako hayajazi shimo."

Jioni sakafu ilikuwa laini, ya kijivu cha giza, kama mgongo wa samaki.

Siku ya tatu likelemba ikamfikia. Faida alikwenda duka la Iliasi, akanunua simenti ya kawaida, mabakuli kumi na mawili, na la kumi na mbili akalitaka lenye kilele. Akarudisha matatu kwa kila gunia, akayakoroga kwa mkono mpaka kiwiko, akashona kwa uzi uleule kwenye matundu yaleyale. Alipomaliza alinawa mikono na alijisikia vizuri. Mwizi harudishi. Yeye alirudisha na kilele juu.

*

Wakwe walikuja. Mjumbe alikanyaga mara tatu kwa kisigino kabla ya kukaa, wanawake watatu wakaipapasa sakafu kwa viganja wakijifanya wanatengeneza mkeka, na mmoja wao akasema, "Hapa mutu anaweza kula chini bila sahani." Mahari ikakubaliwa. Ndoa ikawekwa baada ya mavuno ya mpunga. Yakubu, aliyekuwa amerudi, alimtazama mke wake akauliza simenti ilitoka wapi. Faida akasema, "Likelemba." Ulikuwa ukweli, ila ulikuwa umechelewa siku mbili.

Pampu nayo ilifunguliwa kwa ngoma. Komite ilikuwa imekwisha kualika wakubwa, tarehe ilikuwa imeandikwa kwenye kitambaa cheupe, na kitambaa kikishaandikwa hakirudi nyuma. Maji yalipanda mlima mpaka tangini, yakashuka kwenye mabomba manne. Wanawake waliopiga magoti mtoni tangu utoto walisimama wima kuteka maji, wakashangaa kwamba mgongo unaweza kupumzika.

Yalidumu wiki tatu.

*

Wiki ya nne pampu ilianza kulia. Kwanza kama mtoto mwenye njaa, kisha kama chuma kinachokunwa na chuma. Yakubu alipofika aliweka mgongo wa mkono kwenye kikombe cha ruleman. Hakufika kuhesabu mbili kwa joto. Akazima motere. Mabomba manne yakakohoa, yakanyamaza, na bidoni za njano za maji zikabaki zimepangwa kwenye foleni bila wenyewe kuamini.

Faida alikuwa amemletea mume wake chakula. Aliikuta komite nzima imezunguka kibanda, na katikati yao Djamali, mzee aliyekuwa mlinzi na mwenye kupaka mashine grese.

"Huyu mzee ameinyima chakula," alisema Iliasi. Iliasi ndiye alikuwa prezida wa komite, mwenye duka la simenti na misumari, mtu aliyependa kusimama mahali palipoinuka. "Grese anauzia watu wa baiskeli."

"Prezida, miye nimepaka kila Ijumatatu, kama fundi alinifundisha."

"Nuseni vidole vyake!"

Wakamnusa. Mzee wa miaka sabini na kitu, amenyoosha mikono yote miwili mbele ya wanawake, na vijana wa komite wanapita mmoja mmoja wakimnusa kama mbwa. Wengine wawili walitumwa nyumbani kwake kupekua. Walirudi wakikimbia na kopo, wameliinua juu. Iliasi alilifungua kwa kisu, akachovya, akanusa, akageuza uso. Lilikuwa mafuta ya kujipaka ya mke wake Djamali, yenye manukato.

"Mumurudishie," alisema mzee taratibu. "Iko na mukutano wa wamama kesho."

Watu walicheka. Hakuna aliyemwomba radhi.

Yakubu wakati huo alikuwa amefungua kifuniko cha ruleman. "Grese iko sawa," alisema bila kuinua kichwa. "Theluthi moja ya nafasi, kama nilivyomwambia. Angejaza mpaka kooni ingechemka yenyewe. Mzee hana kosa. Ona, hizi gololi zimetafunwa upande mmoja tu. Kitu kimezisukuma."

Alichukua nyundo ndogo, akapiga magoti, akaanza kugonga kitako, lile bamba kubwa la chuma ambalo pampu na motere vilikuwa vimekaa juu yake. Ngo. Ngo. Ngo. Alisogea. Ngo. Kisha: bo.

Faida alisimama na sufuria mkononi. Maisha yake yote alikuwa amenunua vyungu vya Nyangwe kwa kuvigonga na kifundo cha kidole. Alijua sauti ya kitu kizima na alijua sauti ya kitu kilichoficha uwazi. Bo. Bo. Bo.

"Kuko wazi chini," alisema, kabla hajajua kwamba amesema.

"Mama, hii si soko ya vyungu," Iliasi alimwambia, na wanaume wakacheka tena. Ilikuwa siku ya kucheka. Lakini Yakubu hakucheka. Aliomba patasi, akabomoa ukingo wa simenti chini ya bamba, akachukua wembe wa kunyolea, akausukuma. Wembe ukaingia wote. Ukapotea kama barua kwenye sanduku.

"Fundi, utueleze," alisema Iliasi. "Utueleze kama watoto."

Na Yakubu, mtu wa maneno machache, alieleza.

"Kitako hiki kinabeba motere na pampu pamoja, vitazamane sawasawa, mhimili kwa mhimili. Kukipima unakiinua vidole viwili juu ya beto, lile zege la msingi, unakishikilia na vipande vidogo vya chuma. Halafu ile nafasi unaijaza simenti ya mashine. Si simenti ya nyumba! Simenti ya nyumba ikikauka inanywea. Kidogo tu, unene wa ukucha, kwenye ukuta hauoni, unaona ufa mudogo unaupaka chokaa. Hii ya mashine wameitengeneza isinywee. Ikijaa imejaa. Sasa hapa chini imenywea, kitako kimebaki kimesimama juu ya vile vipande tu kama kitanda chenye miguu mibovu. Motere inazunguka mara elfu moja na mia tano kwa dakika moja. Kinatetemeka. Buloni za kukikaza zinalegea. Motere inaangalia huku, pampu inaangalia kule. Anayelipa ni ruleman."

"Kwa hiyo simenti haikuwa ya mashine," alisema Iliasi.

Yakubu alipangusa mikono yake kwa muda mrefu. "Ingekuwa yenyewe, isingenywea."

"Njo hivyo!" Iliasi aligeukia watu, na uso wake ulikuwa unang'aa kama wa mtu aliyeletewa zawadi. "Nani alituletea magunia? Aganze! Miye nilisema, simenti iko mu duka yangu, mukakataa, mukasema ya Aganze ni ya pekee. Ametuuzia majivu!"

Kelele zikapanda. Mtu mmoja akasema watu wa Bukavu ni hivyo. Mwingine, ambaye hakuwahi kufika Bukavu, akasema wote ni hivyo. Faida aliweka sufuria chini.

*

Aganze alikuja jioni, kabla ya magharibi, peke yake. Alivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwomba, akakaa kwenye kigoda.

"Fundi, weye na miye tunajuana. Nilikuletea magunia manne, ukayapokea, ukaweka sahihi. Yalikuwa yamefungwa?"

"Yalikuwa yamefungwa."

"Na siku ya kuyafungua, uzi ulikuwa mzima?"

"Ulikuwa mzima."

"Basi yalichezewa wapi?" Aganze alikunja mikono. "Huko kiwandani? Barabarani, Dady ayachezee akiwa anasukuma pikipiki mu matope? Niambie, maana kesho wananiita, na miye sina la kusema. Nitasema nini? Nitasema sijui. Mutu asiyejua na ametoka mbali, hapa kwenu anaitwaje?"

Faida alimmiminia mgeni chai, nusu ikaenda kikombeni na nusu ikaenda kwenye sakafu. Ile sakafu haikunywa hata tone. Chai ilisimama juu yake kama kwenye sahani, na Aganze, kwa adabu, akaipangusa kwa leso yake mwenyewe.

Alipoondoka, Faida alifunga mlango, akakaa chini palepale.

"Baba Latifa. Ile simenti ya mashine. Unaikalia."

Alimwambia yote. Mabakuli, uzi, likelemba, kilele. Alisema mara tatu kwamba alirudisha. Yakubu alimsikiliza akitazama sakafu, si yeye, akiitazama kutoka ukuta mpaka ukuta kama mtu anayepima bamba. Mwisho akagonga kwa kifundo cha kidole. Ngo.

Faida alingoja kofi. Hakuwahi kumpiga, lakini alingoja. Alingoja tusi. Kilichokuja kilikuwa kibaya zaidi.

"Nani mwingine anajua?"

"Hemedi anajua ni simenti tu. Hajui ya wapi."

"Na Iliasi? Ulinunua kwake."

"Nilinunua kama kila mutu ananunua."

Yakubu akasema kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu alipozika mama yake: "Niliona rangi mbili. Siku ya kumwaga. Unga ulikuwa na rangi mbili, kama unga wa mahindi uliochanganywa na muhogo. Nilijua si sawa. Nilitaka kusimama. Lakini kitambaa kilikuwa kimekwisha kuandikwa, wakubwa wako njiani. Nikajiambia ni unyevu."

Wakatazamana. Miaka ishirini na minne ya ndoa, na hiyo ndiyo siku waliyofanana kabisa.

"Twende kwa Aganze," alisema Faida. "Yeye peke yake. Tumwambie, tupatane kimya."

"Aganze anashitakiwa, atapatana kimya na nani? Atatupeleka mbele ya komite, na ni haki yake. Miye watanifunga kasho, sababu niliona nikamwaga. Latifa, wale wa Nyangwe watamrudisha kama bidoni yenye tundu. Na hakuna atakayenipa tena hata kinu cha mkono nitengeneze."

"Na yeye?"

"Yeye ni mfanyabiashara. Atapoteza, atapata."

"Iko na watoto wanne."

"Faida." Alikuwa hamwiti jina tangu walipozaa. "Umekwisha kusema. Sasa nyamaza."

Na yeye, ambaye mtaa mzima ulijua kwamba ulimi wake haulali, alinyamaza.

*

Asubuhi yake Faida alikwenda kununua sabuni. Iliasi alimhudumia mwenyewe, akamfungia sabuni kwenye gazeti polepole, akisokota ncha.

"Mama Latifa, ile simenti yangu, mabakuli kumi na mawili. Ilikufaa?"

"Ilinifaa, prezida."

"Maana nasikia sakafu yako ni nzuri sana. Wakwe wa Nyangwe wanaisema mpaka huku. Miye nikasema, loo! Simenti yangu njo ile? Kwangu mwenyewe imefanya nyufa kama mkono wa bibi kizee." Alimsukumia sabuni. "Chukua. Usilipe."

"Nitalipa."

"Usilipe, mama. Sisi ni watu wa hapa."

Aliichukua. Ilikuwa sabuni ya kawaida, lakini aliibeba mpaka nyumbani kwa vidole viwili, mbali na mwili.

Kikao cha komite hakikuchukua muda. Yakubu aliulizwa swali moja: magunia yalikuwa yamefungwa alipoyafungua? Akajibu yalikuwa yamefungwa. Hakusema uongo hata neno moja. Baadaye Faida alifikiri kwamba hilo ndilo lilikuwa jambo la kuogopesha. Aganze aliulizwa maswali ishirini, na kila alipojibu walisema ana maneno mengi. Alilala kasho usiku mbili. Alitolewa baada ya kukubali kwa maandishi kuleta magunia manne mapya na ruleman mpya bila malipo. Ili kuyapata aliuza pikipiki yake na mabati yote yaliyokuwa dukani, na aliyeyanunua mabati, kwa bei ya huruma, alikuwa Iliasi.

Safari hii Yakubu aliyafungua magunia mbele ya komite. Aliukwaruza ule msingi wa beto mpaka ukawa na meno, akaulowesha maji usiku kucha, akakipima kitako na kukipima tena. Akamwaga simenti upande mmoja tu, ikatiririka kama uji, ikatokea upande wa pili yenyewe, bila kuacha hewa chini. Alikataa kuwasha kwa siku saba. Iliasi alipomwambia watu wana kiu, alijibu, "Wangoje." Siku ya nane akaligonga bamba mbele ya wote kutoka pembe mpaka pembe. Ngo, ngo, ngo. Watu wakapiga makofi. Djamali akapaka grese, theluthi moja, na safari hii aliwanyooshea vidole vyake kwanza, kabla hajaombwa, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyecheka.

Maji yakapanda. Faida alipofika bombani na bidoni yake, wanawake walimfungulia njia.

"Apite, apite! Ni bibi ya fundi!"

"Miye nitafuata foleni."

"Foleni ya nini, mama? Bila bwana yako tungekunywa majivu ya ule mutu."

Wakamsukuma mpaka mbele kwa upendo, kumi na wawili au kumi na watano, hakuhesabu, na maji yakaingia bidoni kwa kelele, na yeye akasimama wima akiyatazama, bila kuwa na mahali pa kugeuzia uso.

*

Kahindo alikuja siku ya kuondoka. Mizigo yao ilikuwa barabarani juu ya pikipiki mbili za watu wengine. Walikuwa wanakwenda upande wa Kabambare, kwa ndugu aliyekuwa kwenye machimbo ya dhahabu, na baada ya hapo hawakujua. Alibisha hodi mlango wa mbele, si wa nyuma kama siku zote. Mkononi alikuwa na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa.

"Karibu, mama," Faida alisema. "Ukae."

"Sikai, yaya. Wananingoja."

Lakini aliingia. Alikuwa mke wa mtu wa simenti. Miaka saba alikuwa ameuza dukani wakati mume wake yuko safarini, amepima, amejibu maswali ya waashi. Alivua ndala moja, akauweka unyayo mtupu juu ya sakafu, akausogeza kidogo kushoto, kidogo kulia. Akainama. Akatazama pembeni mwa ukuta, mahali ambapo sakafu zote za Kasongo zinapasuka kwanza. Hapakuwa na ufa hata wa unywele. Akagonga mara moja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza mpaka sauti ikaisha.

Aliposimama macho yake yalikuwa makavu. Faida alifungua mdomo. Nje mwenye pikipiki alipiga honi.

"Hapana, yaya. Usiseme kitu." Kahindo alivaa ndala yake. "Ungesema siku ile."

Alimkabidhi bakuli.

"Niliazima chumvi kwako. Nimekurudishia." Alifika mlangoni ndipo akageuka. "Ni safi. Sikuichanganya na kitu."

Pikipiki ziliondoka. Latifa akatoka chumbani akiimba, ameshika kitambaa cha arusi alichokuwa anakishona, akauliza mgeni alikuwa nani na amewaletea nini. Faida alikuwa bado amesimama katikati ya sebule, bakuli mikononi, limejaa mpaka juu, lenye kilele.